Swichi Kuu na Tawakali

Swichi kuu ya ndege ndogo ina kazi mbili: kuunganisha betri na mfumo mzima wa umeme, na kuiruhusu altaneta ianze kuchaji. Katika ndege iliyotoka kiwandani, mahali pa swichi hiyo na njia ya kila waya vimeamuliwa na wahandisi, vikapitishwa na mamlaka ya serikali na kuandikwa katika kitabu cha ndege. Katika ndege ambayo mtu amejiundia nyumbani, mbunifu ni yeye, fundi ni yeye, na mara nyingi rubani ni yeye vilevile. Hapo ndipo kazi ya waya na nati inapogusa swali la dini na falsafa: mwanadamu anapaswa kujikinga kiasi gani kabla ya kusema kwamba yaliyobaki ni ya Mungu?

Swali hili lina uzito wake katika magharibi ya Kenya, ambako dini na ufundi vimefundishwa pamoja kwa zaidi ya karne. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, walipofika Kaimosi mwaka 1902, walikuja na Injili na kazi za mikono kwa pamoja, na kanisa lao likaenea hadi Lugulu na Kamusinga katika Bungoma ya leo. Wakatoliki wana jimbo la Bungoma tangu 1987 na la Kitale tangu 1998. Waislamu wana misikiti katika miji yote miwili. Kabla ya hao wote, Wabukusu walimwomba Wele Khakaba, Mungu agawaye riziki. Kitale ina uwanja wa ndege ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko kwenye barabara kuu ya malori yaendayo Malaba. Mkenya aliyejulikana sana kwa kujaribu kujiundia ndege, Gabriel Nderitu, ni wa Nyeri. Lakini ujuzi wa betri na altaneta umejaa katika gereji za jua kali za Kitale na Bungoma, na swali la tahadhari linawahusu mafundi wa huko sawasawa.

Mfumo wenyewe

Waya mnene unaotoka kwenye betri hauingii chumba cha rubani. Unaishia kwenye solenoidi iliyofungwa karibu kabisa na betri. Solenoidi ni swichi nzito inayovutwa na sumaku, na sumaku hiyo inahitaji umeme mdogo tu, karibu ampea 1. Ncha moja ya koili yake imeunganishwa na betri. Ncha ya pili inakwenda kwa waya mwembamba hadi kwenye swichi ya rubani, na kutoka hapo hadi kwenye bodi, yaani upande hasi. Rubani akiwasha, solenoidi inalia "tak" na mfumo wote unapata umeme. Akizima, waya mnene unakatwa pale pale betri ilipo, na sehemu yote ya mbele inabaki mfu. Koili hufungiwa pia dayodi ndogo, ili umeme unaoruka ghafla inapozimwa usichome midomo ya swichi.

Mpangilio huu una faida isiyoonekana kwa haraka. Waya mwembamba ukichubuka ukagusa bodi, hautoi cheche wala moto. Kinachotokea ni solenoidi kukataa kuzima. Mbunifu amechagua ubaya ulio mwepesi, kwa kuwa hakuna mpangilio usio na ubaya wowote.

Upande wa pili wa swichi hiyo hiyo unashika altaneta. Altaneta haizai umeme mpaka koili ya ndani yake ipewe umeme kidogo uigeuze kuwa sumaku. Umeme huo hupita kwenye breka ya ampea 5, kisha kwenye swichi, kisha kwenye kidhibiti cha volti. Ukikatwa, altaneta inazunguka bure. Swichi ya aina iliyozoeleka katika ndege ndogo ina vibao viwili vilivyoshikana: betri inaweza kuwashwa peke yake, lakini altaneta haiwezi kuwashwa bila betri, na betri ikizimwa altaneta inazimwa nayo. Wengine hutumia swichi ya hatua tatu: imezimwa, betri, betri na altaneta.

Sababu ya mfungamano huo ni ya kifizikia. Betri ndiyo inayotuliza mfumo, kwa kumeza umeme unapozidi na kuutoa unapopungua. Betri ikiondolewa ghafla wakati altaneta inafanya kazi, volti hupanda kabla kidhibiti hakijawahi kujirekebisha, na vifaa vinaungua. Vilevile kidhibiti kikiharibika na kuacha altaneta izae bila kipimo, volti 14 za kawaida zinaweza kupita 16 na kuendelea kupanda. Ndiyo maana wajenzi wengi huweka kinga inayokata umeme wa koili ya altaneta mara tu volti zinapovuka kikomo cha karibu 16.

Kuiga na kujua sababu

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza katika miaka ya 1970 utafiti juu ya hekima ya wazee wa Kenya, na mwaka 1990 akautolea kitabu. Aliwatenga wahenga katika makundi mawili. Kundi la kwanza linajua mila na kuzieleza vizuri. La pili linahoji mila hizo, linatoa sababu, na likikosa sababu linaziacha. Tofauti hiyo inafaa kupima fundi.

Fundi wa malori wa Bungoma anaijua swichi kuu ya lori la mafuta: mkono mkubwa unaokata waya mnene wenyewe. Akiihamishia kwenye ndege kama alivyoizoea, na kuiweka rubani anapoifikia, atakuwa ameuingiza waya mnene ndani ya chumba cha rubani, ukiwa hai wakati wote kutoka betrini hadi kwenye swichi. Ndege ikianguka na waya huo ukakatwa, utatoa cheche karibu na petroli. Lakini fundi huyo huyo anajua jambo la pili, ambalo amelipa kwa dayodi za altaneta za wateja: ukiichomoa betri injini ikinguruma, altaneta inaungua. Jambo hilo la pili ndilo msingi wa swichi ya vibao viwili. Ujuzi wake wa malori unamfaa pale anapojua kwa nini, na unamponza pale anapojua namna tu. Wajibu wa kujikinga, basi, unaanza kabla ya kushika koleo. Ni wajibu wa kuelewa, na hauwezi kutimizwa kwa kunakili mchoro wa mtu mwingine, hata ukiwa sahihi.

Daraja tatu za sababu

Katika Uislamu, mafunzo mapana juu ya jambo hili yamo katika Ihya Ulum al-Din ya Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ghazali alikataa dhana kwamba tawakali, yaani kumtegemea Mungu, ni kuacha sababu, yaani njia zinazoleta matokeo. Alizigawa sababu katika daraja tatu. Za kwanza ni za yakini: mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake asinyooshe mkono, akidai anamtegemea Mungu, hana tawakali bali ana wazimu. Za pili ni za dhana yenye nguvu, ambazo kwa desturi matokeo hayapatikani bila hizo, kama msafiri kubeba masurufu. Za tatu ni za kuwaza tu, ambazo mtu huzifuata kwa hofu na pupa. Kuzishika za kwanza na za pili hakuvunji tawakali. Kujizamisha katika za tatu ndiko kunakoivunja. Kuhusu kujikinga na madhara, alikataza kulala kwenye mkondo wa mafuriko au chini ya ukuta ulioinama. Kuhusu mali, aliruhusu mlango ufungwe kwa kufuli, lakini hakupenda mtu arundike makufuli na bado asiwe na utulivu.

Ngazi hizi zinaingia katika ndege bila kulazimishwa. Fyuzi inayolingana na unene wa waya, solenoidi karibu na betri, na uwezo wa kuzima altaneta ni sababu za yakini: waya usio na fyuzi ukishikana na bodi utaungua, hakuna shaka. Kinga ya volti zinazozidi ni ya daraja la pili: vidhibiti vingi humaliza umri wao salama, lakini vinavyoharibika si nadra kiasi cha kupuuzwa. Betri ya tatu katika ndege ya watu wawili inayoruka mchana tu, kwa injini isiyohitaji umeme, iko daraja la tatu.

Aina ya injini ndiyo inayoamua jambo liko daraja gani. Injini za zamani za ndege huwasha plagi kwa magneto, chombo kinachojizalishia umeme wake. Swichi kuu ikizimwa angani, redio na taa vinakufa lakini rafadha inaendelea kuzunguka. Rubani akinusa moshi kati ya Kitale na Bungoma anaweza kuzima kila kitu na kuruka robo saa iliyobaki kwa macho. Injini ya kisasa inayotegemea kompyuta na pampu ya umeme, au injini ya gari iliyofungwa kwenye ndege, haina ruhusa hiyo. Kwake swichi kuu isiyofikiriwa vizuri ni swichi ya kuua injini, na njia tofauti ya umeme kwa injini, isiyopita kwenye swichi hiyo, inapanda kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Kwa hiyo hakuna orodha moja ya tahadhari inayomtosha kila mjenzi.

Mlolongo usio na mwisho

Pingamizi la kifalsafa linajitokeza hapa. Kinga ya volti inamlinda rubani dhidi ya kidhibiti kibovu. Ni nini kitakachomlinda dhidi ya kinga mbovu? Solenoidi ya pili inaweza kuwekwa endapo ya kwanza itakwama, lakini nayo inaweza kukwama. Kila kinga ni kitu kingine kinachoweza kuharibika, chenye uzito wake, viungo vyake na nati zake za kulegea. Ikiwa kila kinga inadai kinga, hakuna ndege itakayoruka. Na ikiwa mlolongo unaweza kukatwa popote, hakuna sababu ya kutoukata mwanzoni kabisa.

Desturi ya usalama wa anga inatoa jibu la masharti mawili. Sharti la kwanza: hitilafu moja isitoshe kuangusha ndege. Sharti la pili: hitilafu ile ya kwanza igundulike kabla ya safari inayofuata, isije ikajificha ikingoja ya pili. Ukaguzi wa kabla ya kuruka unaonyesha masharti hayo yakifanya kazi. Rubani anawasha betri peke yake na kusikiliza solenoidi ikilia. Anaangalia kipimo: betri nzima, kabla haijaanza kuchajiwa, inaonyesha volti 12 na nusu hivi. Anawasha injini, kisha altaneta, na sindano inapanda hadi karibu 14, anaizima altaneta, sindano inashuka, anaiwasha tena. Mwisho wa safari anazima swichi kuu na kuangalia kama kila kitu kimekufa kweli. Taa ikibaki inawaka, solenoidi imekwama, na amejua akiwa ardhini. Kinachobaki ni ile kinga ya volti, ambayo inaweza kufa kimya kwa miaka bila dalili. Hiyo lazima ipimwe kwa makusudi kila baada ya muda.

Mjenzi anayetimiza masharti hayo amepata mahali halali pa kusimama. Mahesabu ya betri yanafuata njia hiyo hiyo. Altaneta ikifa juu ya Bonde la Ufa, betri ya ampea-saa 17 inayolisha vifaa vya ampea 8 ina saa mbili kwenye karatasi, na pengine nusu yake ikiwa imezeeka. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni zaidi kidogo ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, saa moja na nusu au zaidi kwa ndege ndogo ya kasi ya kilomita 200 kwa saa. Aliyefanya hesabu hiyo akapunguza vifaa au akapanga kutua Eldoret ametumia akili aliyopewa. Asiyeifanya hajaacha lolote mikononi mwa Mungu, maana hajui ni nini alichokiacha.

Ukweli wa swichi

Swichi iliyoandikwa ZIMA ni ahadi. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair safari namba 111 iliungua na kuanguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba yaelekea moto ulianzia kwenye waya juu ya dari, sehemu ya mbele. Jambo jingine lililobainika linahusu hoja hii moja kwa moja. Mfumo wa burudani wa abiria, ulioongezwa baada ya ndege kutengenezwa, ulikuwa umeunganishwa na chanzo cha umeme ambacho swichi ya kuzima umeme wa kabini haikukigusa. Rubani aliyeibonyeza swichi hiyo kwa kufuata maagizo ya dharura angeamini amezima kisichozimika.

Mjenzi wa nyumbani anakutana na kishawishi hicho hicho kwa udogo wake. Baada ya kila kitu kufungwa vizuri, anataka kuongeza chaji ya simu au feni. Waya wa karibu ni ule wa betri, kabla ya solenoidi. Kuunganisha hapo ni kazi ya dakika kumi. Kufuata njia sahihi ni kufungua paneli nzima. Akichukua njia fupi, hakuna kitakachoharibika siku hiyo, ila swichi kuu itakuwa imeanza kusema uongo. Vifaa vichache huruhusiwa kubaki hai daima, kama saa, kwa fyuzi ndogo iliyo betrini kabisa, na mjenzi mwaminifu huvitaja kwa maandishi. Uongo unaweza kutendwa bila neno kutamkwa. Paneli ya ndege ni maandishi ambayo rubani mwingine atayasoma akiwa kwenye moshi, hana nafasi ya kuuliza.

Watu wasiopanda

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba anayejiundia ndege anahatarisha roho yake mwenyewe, na hilo ni kati yake na Mungu wake. Maandiko yanaijibu kutoka pande mbili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari lake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo haimwambii mjenzi asipande darini. Inamwambia kwamba wengine watapanda, na kwamba ajali yao inamhusu aliyejenga. Na katika Mathayo sura ya 4, Yesu aliyesimamishwa juu ya kinara cha hekalu alikataa kujitupa chini kwa tumaini la kudakwa na malaika, akaita jambo hilo kumjaribu Mungu. Imani inayojiweka hatarini ili iokolewe imekwisha kuacha kuwa imani.

Ndege inayopaa Kitale inapita juu ya mitaa na mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, ambako watu wanapalilia bila kuombwa ridhaa yao. Ndiyo maana sheria ya Kenya hairuhusu ndege yoyote kuruka bila usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hata kama mwenyewe ndiye pekee atakayekaa ndani. Kibali hicho kina maana ya kimaadili inayozidi karatasi: mtu hawezi kuwa hakimu wa mwisho wa kazi yake mwenyewe. Wakweka wana desturi inayokaribiana na hilo. Mwenye uamuzi mzito anaweza kuomba waumini wachache wakae naye, wasimpe ushauri bali wamuulize maswali mpaka yeye mwenyewe aone wazi. Jicho la pili kwenye waya linafanya kazi hiyo. Fundi mwingine anayeuliza "na huu ukikatika?" kwenye kila kiungo hahitaji hata kuwa amewahi kupanda ndege.

Kabla na baada

Lugha ya Kiswahili imehifadhi misemo inayoonekana kupingana juu ya jambo hili. Mmoja unasema tahadhari kabla ya hatari. Mwingine unasema ajali haina kinga. Matangani kunaongezwa wa tatu: kazi ya Mungu haina makosa. Misemo hii haipingani ikiwekwa kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza ni wa karakana, unasemwa wakati waya bado unaweza kusogezwa. Mingine miwili ni ya faraja, kwa watu ambao hawana tena la kufanya, na inamkumbusha aliyejitahidi kwamba hakuahidiwa usalama wowote. Kosa ni kuchukua maneno ya matanga na kuyapeleka karakana: kusema ajali haina kinga huku fyuzi ya shilingi chache haijawekwa. Hapo msemo wa unyenyekevu unageuka kisingizio, na Mungu anabebeshwa kiungo kilicholegea.

Kutokana na hayo, mpaka unaotafutwa unaweza kuelezwa. Sababu za yakini na za dhana yenye nguvu ni deni la mjenzi, na deni hilo halisamehewi kwa sala. Mlolongo wa kinga unakatwa kihalali pale ambapo hitilafu moja haiui na haijifichi, na pale ambapo mtu mwingine mwenye ujuzi amekagua na kukubali. Kilichosalia baada ya hapo, yaani hitilafu mbili kwa pamoja, radi ya alasiri juu ya Mlima Elgon, moyo wa rubani mwenyewe kusimama, hakina swichi. Hilo ndilo eneo la tawakali, na anayeweza kulitaja kwa jina ni yule aliyekwisha kuyahesabu yote yaliyo upande wake.